Namna ya Kujifunza Historia ya Sarafu na Fedha za Ucheki

Anayetaka kuijua historia ya fedha za Ucheki namshauri aweke kando kwanza orodha ndefu ya wafalme, achukue sarafu moja, ayasome maandishi yake, kisha aipime. Sarafu hutoa ushahidi wa namna mbili: yale inayojitangazia kwa maneno na picha, na kiasi cha madini kilichomo ndani yake. Lugha yetu inatusaidia sana hapa, kwa kuwa neno fedha kwetu ni madini na vilevile ni pesa, na sehemu kubwa ya historia hii ni habari ya namna vitu hivyo viwili vilivyoachana.

Vifaa ni vichache: kioo cha kukuzia, mizani ndogo kama ya sonara, na daftari. Sarafu ya zamani ishikwe kwa ukingo wake, wala isisuguliwe kamwe ili ing'ae, kwa sababu msuguo hufuta alama ndogo ambazo ndizo tunazozitafuta.

Zoezi la kwanza linaweza kufanyika kwa sarafu ambayo babu zetu wa Unguja na pwani waliifahamu vizuri, yaani riale ya Maria Theresa. Soma maandishi yanayozunguka kichwa cha malkia: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Herufi mbili, BO, ni Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu kubwa ya Ucheki; Maria Theresa alikuwa malkia wa Hungaria na wa Bohemia pia. Iweke kwenye mizani. Riale isiyolika huwa na uzito wa takriban gramu 28.07, na usafi wake ni sehemu 833 kwa kila 1000, kwa hiyo ukizidisha utapata fedha safi ya karibu gramu 23.4. Sasa tazama mwaka: 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Baada ya kifo chake sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule katika miji mingi, ikiwemo Prague, London na Bombay, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika waliizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Ndiyo maana mwanafunzi hawezi kuutegemea mwaka ulioandikwa. Hulazimika kulinganisha mambo madogo, kama vile bizimu iliyo begani mwa malkia na manyoya ya mkia wa tai aliye upande wa pili.

Ukishazoea kusoma hivyo, rudi nyuma hadi mwaka 1300, wakati Mfalme Václav wa Pili alipoleta wataalamu kutoka Italia na kuanzisha sarafu ya fedha iitwayo groshi ya Prague katika mji wa Kutná Hora, uliokuwa juu ya migodi tajiri ya fedha. Jengo walimofanyia kazi linaitwa hadi leo Vlašský dvůr, yaani Ua wa Waitalia, na wageni huruhusiwa kulitembelea. Groshi za mwanzo zilikuwa na uzito wa karibu gramu 3.7 na fedha yake ilikuwa safi sana. Upande mmoja una taji, upande wa pili una simba wa Bohemia mwenye mkia uliogawanyika. Kwa muda mrefu hazikuandikwa mwaka, hivyo huna budi kulitafuta jina la mfalme, na hapo uwe mwangalifu: groshi iliyoandikwa KAROLVS PRIMVS ni ya yule ambaye vitabu humwita Karl wa Nne, kwani kwenye kiti cha Bohemia alikuwa wa kwanza kwa jina hilo. Groshi zilihesabiwa kwa kopa, yaani sitini sitini, kama sisi tulivyohesabu kwa korja. Panga groshi za wafalme mbalimbali kwa zamu zao na utaona shaba ikiongezeka. Zilipokoma mwaka 1547, fedha ndani yake ilikuwa imeshuka chini ya nusu.

Kutoka hapo fuata neno. Katika bonde la Jáchymov, ambalo kwa Kijerumani huitwa Joachimsthal, ukoo wa Šlik ulianza mnamo 1520 kupiga sarafu kubwa za fedha zilizoitwa tolari kwa kifupi cha jina la bonde hilo, na kutokana na tolari tukapata dola ya pesa, ambayo haina undugu na dola yenye maana ya serikali, iliyotoka katika Kiarabu.

Kwa karne ya 20 mizani haisaidii tena, kwani noti haina madini. Hapa linganisha tamko la serikali na kilichobaki mkononi mwa mwananchi. Mwaka 1919 Waziri wa Fedha Alois Rašín aliitenga fedha ya Chekoslovakia na ile ya Austria na Hungaria kwa kubandika stempu kwenye noti za zamani, na njia hiyohiyo ya stempu ilitumika tena mwaka 1993 Wacheki na Waslovakia walipogawana fedha. Noti za aina zote mbili zinafaa kutazamwa pamoja. Mageuzi ya fedha ya tarehe 1 Juni 1953 yanataka hesabu. Siku chache kabla yake Rais Antonín Zápotocký aliwahakikishia wananchi kwamba sarafu yao ni imara. Kisha korona (ndilo jina la fedha ya Chekoslovakia) 300 za kwanza za fedha taslimu zikabadilishwa kwa tano kwa moja, na zilizozidi kwa hamsini kwa moja. Aliyekuwa na korona 1000 nyumbani alipata 60 kwa zile 300, na 14 kwa 700 zilizobaki, jumla 74. Iandike hesabu hiyo daftarini kabla ya kusoma habari za wafanyakazi wa Plzeň walioingia barabarani kuandamana siku hiyo.