Onyo la usalama kwenye Outlook na Thunderbird: soma cheti kabla hujabofya Yes

Unafungua Outlook asubuhi, na kabla barua hazijashuka kinatokea kidirisha cha "Internet Security Warning". Kina vitufe vya Yes na No, na wengi hubofya Yes kwa sababu No huzuia barua. Kesho yake kidirisha kinarudi. Lazima kirudi, maana Yes hairekebishi kitu: inairuhusu Outlook ipite safari hiyo tu, na kosa linabaki palepale. Chanzo cha kosa kimeandikwa ndani ya kidirisha chenyewe, na kukisoma hakuchukui hata dakika moja.

Cheti ni kitambulisho cha kidijitali ambacho seva ya barua huonyesha kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Bofya "View Certificate" ukisome. Kwenye kichupo cha General utaona mambo matatu: "Issued to", yaani jina la seva iliyopewa cheti, "Issued by", aliyekitoa, na "Valid from", tarehe ya kuanza hadi ya kuisha. Piga picha kwa simu. Karibu kila onyo la cheti linatokana na mojawapo ya hayo matatu, na kila moja lina dawa yake. Thunderbird husema mambo hayohayo kwa maneno mengine: "Wrong Site" ni jina, "Unknown Identity" ni mtoaji, "Outdated Information" ni tarehe.

Usikimbilie kufuta akaunti na kuiweka upya. Mafundi wengi huanzia hapo, onyo linarudi vilevile, na kama akaunti ilikuwa ya POP (inayoshusha barua kwenye kompyuta na mara nyingi kuziondoa kwenye seva) unabaki kusaka barua za miaka mitatu ndani ya diski.

Tarehe

Tazama kwanza saa ya kompyuta yako. Ikiwa kompyuta inaamini huu ni mwaka 2009, onyo litatokea kwa kila seva, na kivinjari nacho kitagoma kufungua karibu kila tovuti. Ndiyo dalili yake: tatizo la saa halichagui.

Kwenye desktopu za mtumba mkosaji huwa betri ya ubao mama, ile bapa ya mviringo kama sarafu iliyoandikwa CR2032. Ikiwa mpya hutoa volti 3. Ikichoka, saa inapotea kila unapochomoa waya au umeme unapokatika. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, sukuma kiklipu cha pembeni kwa bisibisi bapa na betri itanyanyuka yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya + ukiwa juu. Kisha ndani ya Windows nenda "Settings", "Time & language", "Date & time", ubofye "Sync now". Majira ya Nairobi, UTC+03:00, ndiyo pia ya Dar es Salaam na Kampala. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni UTC+02:00.

Wapo pia wanaoiwekea kompyuta saa ya Kiswahili: ni saa mbili asubuhi, wanaandika 2:00. Kompyuta inabaki nyuma saa sita, na cheti kilichotolewa asubuhi hiyo kinaonekana hakijaanza kutumika.

Saa ikiwa sahihi na cheti kweli kimeisha, kosa liko kwenye seva. Hakuna utakachofanya kwenye kompyuta yako kitakachokifufua; mpelekee picha uliyopiga anayeisimamia. Ikiwa msimamizi ni wewe, kumbuka kwamba cheti cha kawaida cha Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, hudumu siku 90, na kwamba kukipyaisha hakutoshi. Dovecot, programu ya seva inayowapa watumiaji barua zao, huendelea kutumia kile cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu mpaka uiamuru isome upya, na Postfix, ile ya kutuma, huweza kuchelewa kukibadilisha. Ndiyo maana tovuti inaweza kufunguka vizuri kabisa huku barua zikilalamika, ingawa faili la cheti ni hilohilo. Amri ni hii:

systemctl reload dovecot postfix

Iweke kwenye certbot, programu inayopyaisha vyeti vya Let's Encrypt, kupitia --deploy-hook ili ijiendeshe kila cheti kinapobadilika. Anayeweka vyeti kwa mkono ajiandae: kwa ratiba iliyopitishwa 2025, umri wa juu wa vyeti vya umma ni siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029.

Jina

Hapa ndipo penye kesi nyingi zaidi, hasa kwa kampuni ndogo zenye barua kwenye seva ya kukodi. Outlook huandika "The target principal name is incorrect". Maana yake, kwenye mipangilio umeandika, tuseme, mail.kampuniyako.co.tz, lakini seva iliyoitika imeonyesha cheti cha jina jingine, kwa kawaida jina la seva ya kampuni inayokukodisha nafasi. Seva moja inahudumia mamia ya wateja, na cheti chake kina jina lake yenyewe.

Usitosheke na "Issued to". Fungua kichupo cha Details, shuka hadi "Subject Alternative Name". Orodha hiyo ndiyo programu huilinganisha na jina uliloandika. Ukikuta nyota, kama *.kampuniyako.co.tz, ujue inafunika ngazi moja tu: mail.kampuniyako.co.tz imo, mail.dar.kampuniyako.co.tz haimo, na kampuniyako.co.tz yenyewe haimo isipokuwa imeandikwa kivyake.

Dawa ya haraka ni kuandika kwenye mipangilio jina lililomo kwenye cheti, baada ya kuiuliza kampuni inayokukodisha kama kweli hilo ndilo jina la seva yako. Nenda "File", "Account Settings", kisha "Server Settings", ubadilishe seva ya kupokea na ya kutuma pia. Wengi husahau ya kutuma, halafu onyo linatokea wanapotuma tu. Wakati uko hapo hakikisha bandari (port, yaani namba ya mlango wa seva): IMAP ni 993 na POP ni 995, zote kwa SSL/TLS, kutuma ni 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS. Ukichanganya, kwa mfano 587 na SSL/TLS, hutapata onyo la cheti. Muunganisho utashindikana tu.

Dawa ya kudumu ni kuipatia mail.kampuniyako.co.tz cheti chake. Kwenye cPanel, jopo la kusimamia seva ya kukodi, fungua "SSL/TLS Status", weka tiki kwenye jina hilo, ubofye "Run AutoSSL". Ikigoma, mara nyingi rekodi ya DNS ya mail, inayosema jina hilo liko kwenye seva ipi, inaelekea seva nyingine. Kama unatumia Cloudflare, huduma inayosimamia DNS na kukaa mbele ya tovuti, angalia lile wingu kwenye rekodi ya mail: liwe la kijivu. Likiwa la machungwa, jina linaelekea kwa Cloudflare, ambayo kwa mpangilio huo haipitishi bandari za barua, kwa hiyo hata ukipata cheti barua hazitashuka.

Kuna onyo jingine la jina linalowachanganya hata wazoefu. Kidirisha kinaitwa "Security Alert", kina mistari mitatu yenye alama pembeni, na juu kabisa kuna jina ambalo hukuliandika popote: autodiscover.kampuniyako.co.tz, au kampuniyako.co.tz bila mail. Hii ni Outlook inayojitafutia mipangilio. Hugonga kwanza kwenye kikoa chenyewe (kampuniyako.co.tz), halafu kwenye autodiscover, na popote inapopokewa na seva yenye cheti cha jina jingine, inapiga kelele. Hutokea sana pale kampuni ilipohamishia barua Microsoft 365 na kuacha tovuti kwa mwenyeji wa zamani. Kwenye DNS weka rekodi ya CNAME (inayoelekeza jina moja kwenye jingine) ya autodiscover ielekee autodiscover.outlook.com. Kama jina linalolalamikiwa ni kikoa chenyewe, izuie Outlook isigonge mlango huo. Fungua regedit, kihariri cha rejista ya Windows, nenda kwenye

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\AutoDiscover

utengeneze DWORD iitwayo ExcludeHttpsRootDomain yenye thamani 1, kisha funga Outlook na uifungue tena. Hiyo 16.0 ni ya Outlook 2016, 2019 na ya Microsoft 365.

Mtoaji

Jina sawa, tarehe sawa, lakini kompyuta haimtambui aliyetoa cheti. Soma "Issued by" kwa makini, kwa sababu mara nyingi hapo limeandikwa jina la mtu aliyekaa katikati yako na seva.

Ukikuta jina la antivairasi yako, kwa mfano Avast au Kaspersky, ndiyo inayofungua barua zako ili izikague, kisha inazifunga upya kwa cheti chake. Outlook huvumilia kwa sababu antivairasi imejisajili ndani ya Windows. Thunderbird ina hifadhi yake ya vyeti, hivyo ndiyo hulalamika. Zima kipengele cha kukagua barua zilizosimbwa na uache ulinzi mwingine ukifanya kazi. Kiambatisho chenye virusi bado kitakaguliwa unapokifungua.

Ukikuta jina la kifaa cha mtandao, kama Fortinet, na uko ofisini, basi mtandao wa ofisi unakagua yanayopita. Mtu wa IT ndiye wa kuamua kukupa cheti cha ofisi au kuziondoa seva za barua kwenye ukaguzi; usijishushie cheti mwenyewe.

Kama uko hotelini au uwanja wa ndege kwenye Wi-Fi ya bure, na barua hizohizo nyumbani hazina shida, bofya No. Fungua kivinjari, maliza kujisajili kwenye ukurasa wa hiyo Wi-Fi, ujaribu tena. Onyo likiendelea, tumia bando la simu. Ukibofya Yes hapo, programu inatuma nenosiri lako kwa yeyote aliyeonyesha cheti hicho.

Kompyuta za Windows 7 zisizopata masasisho zina kisa chao. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mzizi cha zamani kilichobeba Let's Encrypt, DST Root CA X3, kiliisha muda (cheti mzizi ni kile ambacho kompyuta hukitegemea kuamini vyeti vingine). Mashine isiyo na mrithi wake, ISRG Root X1, inaweza kuvikataa vyeti halali kabisa. Sasisha Windows, au chukua ISRG Root X1 kutoka letsencrypt.org na ukiweke chini ya "Trusted Root Certification Authorities".

Onyo lisilohusu cheti

"A program is trying to access e-mail address information stored in Outlook" ni jambo tofauti: programu nyingine ndani ya kompyuta yako inagusa anwani zako. Mara nyingi ni programu ya uhasibu inayotuma ankara. Kinga hii ililetwa baada ya kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000, kilichojituma kwa kila anwani kilichoikuta kwenye Outlook, kwa hiyo kama hujui ni programu gani, bofya "Deny".

Kama unaijua, nenda "File", "Options", "Trust Center", "Trust Center Settings", "Programmatic Access". Chini kuna mstari wa "Antivirus status". Mstari huo ukisema "Invalid", sasisha antivairasi na onyo kwa kawaida litaondoka lenyewe. Usichague "Never warn" ili kujipunguzia kero. Vitufe vikiwa na rangi ya kijivu, funga Outlook, bofya alama yake kwa kitufe cha kulia, uchague "Run as administrator".

Na kama kwenye Thunderbird ulishawahi kubofya "Confirm Security Exception" huku "Permanently store this exception" ikiwa na tiki, cheti hicho kinaendelea kupokelewa bila kuulizwa. Fungua "Settings", "Privacy & Security", "Manage Certificates", kichupo cha "Servers", ufute kila usichokitambua. Kama ulikikubali ukiwa kwenye Wi-Fi ya watu, badilisha pia nenosiri la barua.