SOMO: Kolibri kwa laptopu moja, darasa zima lisome bila bando

Walimu wenzangu, swali ni lile lile kila wiki, "mwalimu, hizo video na majaribio unafunzia nazo unazitoa wapi na bando unalipiwa na nani?" Hakuna anayenilipia. Nimeamua kuandika yote hapa mara moja, mwenzako akikuuliza mtumie hii.

Kolibri ni programu ya bure ya Learning Equality, wale walioanza na KA Lite mwaka wa 2012 ili masomo ya video ya Khan Academy yafike mahali intaneti haifiki. Unaiweka kwa laptopu moja, unapakua masomo mara moja, halafu tableti za watoto zinasoma kutoka kwa hiyo laptopu kwa wifi ya hapo hapo darasani, bila intaneti kabisa. Kwa sisi wa junior school tunaofunza Integrated Science bila maabara tangu Grade 7 ya kwanza iingie 2023, hii si anasa, ni kifaa cha kazi.

Vitu vya kuwa navyo: laptopu (Windows, Mac ama Linux), ruta yoyote hata kuukuu, na tableti ama simu yenye kivinjari. Zile tableti za serikali zilizoanza kuja 2016, kama kwenu bado zimefungiwa kwa kabati, omba mwalimu mkuu ufunguo, zichaji, uone kama kivinjari kinafungua, kikiwa cha zamani sana itabidi ukisasishe kwanza.

1. Pakua Kolibri kutoka learningequality.org. Fanya hivyo mahali pana wifi.

2. Iweke kwa laptopu. Kiswahili kipo kwa lugha, chagua ukipenda.

3. Itauliza kama unatumia peke yako ama na kikundi. Chagua kikundi, fungua akaunti ya msimamizi, na neno siri uliandike mahali.

4. Kupakua masomo. Hapa soma polepole maana hii hatua ilinitesa na bado inatesa watu. Ukifungua sehemu ya Channels, yaani mikusanyo ya masomo, utaona Khan Academy, PhET (majaribio ya sayansi ya kwenye skrini), CK-12, African Storybook (hadithi za watoto) na zingine nyingi. USIPAKUE CHANNEL NZIMA. Khan Academy ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB, bando la mwezi linaisha usiku mmoja, na kwa sababu Kolibri huweka kila kitu kwa disk C usipoiambia vingine, laptopu inajaa na kuanza kukwama. Anza na curriculum design ya gredi yako, ziko bure kwa tovuti ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, angalia sub-strand (mada ndogo) za wiki mbili tatu zijazo, ndipo uingie ndani ya channel ufungue folda moja moja ukitia tiki kwa kile unachohitaji tu. Unapochagua, Kolibri inakuonyesha ukubwa wa ulichochagua na nafasi iliyobaki kwa disk, soma hiyo namba kabla ya kubonyeza. Masomo ya Khan yamepangwa kwa mtaala wa Marekani kwa hivyo usitafute kwa namba ya gredi, tafuta kwa mada, na kila video itazame mwenyewe mpaka mwisho kabla mtoto hajaiona.

Mkiwa walimu kadhaa, mmoja apakue halafu aexport kwa flashi wengine wachukue hapo. Flashi itakuwa na folda inaitwa KOLIBRI_DATA. Usiibadilishe jina, usiiingize ndani ya folda nyingine, usitoe kitu ndani yake, kwa sababu Kolibri ya mwenzako inatafuta jina hilo hilo na isipolipata itasema flashi haina kitu.

5. Washa ruta, haihitaji laini wala bando, kisha unganisha laptopu na tableti zote kwa wifi yake. Hotspoti ya Windows usiitegemee, inabeba vifaa 8 tu, na kama laptopu haina intaneti mara nyingi inakataa hata kuwaka. Na Windows ikiuliza kama Kolibri iruhusiwe kwenye mtandao, kubali zote mbili, private na public. Ukikataa, kwa laptopu kila kitu kitafunguka vizuri lakini tableti zote zitagoma na utaanza kulaumu ruta bure.

6. Ingia Device, halafu Info. Utaona anwani, mfano http://192.168.0.100:8080. Iandike ubaoni kwa herufi kubwa, watoto waiandike vile vile.

7. Zima sleep kwa laptopu. Ikilala, darasa lote linakatika.

8. Tengeneza darasa, weka majina. Kwa watoto wadogo kuna mahali unaruhusu waingie bila neno siri.

Maswali weka hapa chini.

MASWALI

Mwalimu wa Kayole: Hii inafanya kazi na simu?

Jibu: Iko pale kwa vitu vya kuwa navyo. Ndiyo.

Tr Hesabu: nimefanya yote lakini haifunguki

Jibu: Haifunguki wapi, kwa laptopu ama kwa tableti? Na inasema nini?

Tr Hesabu: kwa tableti, inasema no internet

Jibu: Umeandika anwani kwa kisanduku cha kutafuta cha Google kilicho katikati ya ukurasa. Iandike juu kabisa, mahali pa anwani, uanze na http:// na umalize na :8080.

Tr Hesabu: imefunguka!! asante sana mwalimu

Wa Githurai: Mbona ujisumbue hivi yote, si unatuma video kwa WhatsApp ya wazazi wanaonyesha watoto nyumbani

Jibu: Nimefunza watoto ambao simu ya nyumbani ni moja na inarudi na mzazi saa mbili usiku. Kila mzazi anunue bando apakue video ile ile, na asiye nalo mtoto wake akose. Hapa watoto wote wanapata kwa wakati mmoja na mimi naona nani amekwama zoezi gani. Kama WhatsApp inawafaa kwenu endeleeni, lakini usiseme ni kujisumbua.

Madam Sayansi: Mwalimu, watoto wangu wanaamini kabisa kwamba umeme ukipita balbu ya kwanza unapungua, ya pili inapata mabaki. Nimeeleza ubaoni wakaitikia ndio, kwa mtihani wakaandika yale yale. PhET inaweza kusaidia?

Jibu: Madam, swali zuri sana. Tafuta Circuit Construction Kit: DC. PhET ni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman aliyepata Nobel ya fizikia 2001, na jaribio la aina hii unaweza kulipakua kama faili moja ya HTML likafunguka kwa kivinjari hata bila Kolibri. Waambie waunganishe betri moja, swichi na balbu mbili zinazofanana kwa mstari mmoja. Swichi ibaki wazi. Sasa kila wawili waandike kwa daftari ni balbu gani itawaka zaidi, waandike kabisa, wasiseme tu kwa mdomo. Ndipo wafunge swichi. Wataona balbu zote mbili zinawaka sawa, na zile chembe za umeme zinatembea kwa kasi ile ile kabla ya balbu na baada yake. Waweke ammita, kile kipimo cha mkondo wa umeme, kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili, wasome namba wenyewe. Halafu waongeze balbu ya tatu, zote zinafifia pamoja, uwaulize kwa nini si ya mwisho peke yake. Jaribio la betri na balbu za tochi lifanye baada ya hapo, maana balbu za dukani hazilingani kabisa, moja ikiwaka zaidi kidogo mtoto atasema "si nilisema".

Madam Sayansi: Hapo kwa kuandika kwanza ndipo nimekuwa nikikosea. Asante.

Mwalimu wa Dandora: Kuongezea, ruta msinunue mpya, kuukuu mtapata pale Luthuli Avenue, Nairobi. Na nunueni ekstensheni yenye matundu mengi, tableti kuisha chaji katikati ya somo ndio shida kubwa kuliko mtandao.

Jibu: Kweli kabisa. Mimi naweka kiranja wa chaji kila darasa.

Mwalimu wa Mathare: Sisi hatuna tableti hata moja na simu za wanafunzi haziruhusiwi. Niko na simu yangu tu na watoto karibu sitini. Ama hii si yetu?

Jibu: Ni yenu pia mwalimu, lakini kwenu anza na Plickers, app ya simu inayosoma majibu ya watoto kwa kamera. Unaprinti kadi, kila mtoto na namba yake. Kadi ina mchoro wa pande nne, A B C D, mtoto anageuza jibu lake likae juu, wewe unasimama mbele unazungusha kamera ya simu yako, na majibu ya darasa yanaingia yenyewe. Herufi ni ndogo kwa hivyo jirani haoni amejibu nini. Seti ya kawaida ni kadi 40, kuna nyingine ya 63, chukua hiyo. Swali unaweza kuliandika ubaoni.

Kwa kusoma, African Storybook wana hadithi nyingi za Kiswahili, za Kikamba, Kimaasai, Kiturkana, na leseni inakuruhusu kuprinti. Nakala moja kwa kila watoto watatu inatosha.

Mwalimu wa Mathare: Nizilaminishe hizo kadi?

Jibu: Sio kwa ile plastiki ya kung'aa, mwanga wa dirisha ukiipiga kamera haisomi. Gundisha kwa manila ngumu, na uwafunze kushika pembeni kidole kisifunike mchoro.