Kubadilisha kichwa cha visu kwenye mashine ya randa ya mezani

Mashine ya randa ya mezani, ile ya kusawazisha unene wa mbao, hutoka kiwandani na kichwa, yaani silinda inayozunguka, chenye visu viwili au vitatu virefu. Visu hivyo vikiwa vipya hunyoa vizuri sana. Shida huanza ubao unapokuwa na fundo au nyuzi zilizopindapinda: kisu chote cha inchi 12 au 13 hugonga kwa mpigo mmoja, nyuzi hung'oka, na kelele husikika mtaa wa pili.

Kichwa cha msokoto, kinachowekwa badala yake, hubeba visu vidogo vya mraba vya kabaidi (metali ngumu kuliko chuma), kwa kawaida milimita 14 au 15 kila upande, vilivyopangwa kuzunguka kichwa kama uzi wa skrubu. Kila kisu kina makali pande nne. Kwa kuwa visu hugusa ubao kwa zamu, nyuzi hung'oka kidogo na kelele hupungua sana. Kubadilisha kwenyewe kunahitaji utulivu kuliko nguvu, na wanaoiharibu kazi huiharibu sehemu mbili: kwenye beringi, na kwenye usafi wa vikalio vya visu, yaani mahali kila kisu kinapokaa.

Kabla ya kununua

Kichwa lazima kiwe kimetengenezwa kwa modeli yako hasa. Urefu kulingana peke yake hakutoshi. Rola za kuvuta ubao kwenye mashine hizi ndogo kwa kawaida hazina marekebisho ya urefu. Zimewekwa chini kidogo ya duara linalochorwa na ncha za visu. Duara hilo likiwa dogo kuliko la zamani au kubwa kupita kiasi, uhusiano wa visu na rola unavurugika na hutaweza kuurudisha.

Soma pia namba ya beringi. Kwa mfano, 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40 na unene 12. 6202 ni 15, 35 na 11. Alama 2RS humaanisha ina vifuniko vya mpira pande zote mbili, na hiyo ndiyo unayoitaka kwenye vumbi la mbao. Nunua mpya mbili hata kama za zamani bado zinazunguka vizuri. Ukizivuta kutoka kwenye shafti, nguvu hupitia kwenye gololi na kuacha vidonda usivyoviona, ambavyo vitaanza kulia baadaye.

Kufungua

Chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Toa kifuniko cha juu na bomba la maranda, kisha toa visu virefu vya zamani kabla ya kitu kingine chochote. Kichwa chenye visu kikikuteleza mkononi kinakata hadi mfupa.

Fungua vifuniko vya ubavuni. Upande mmoja utakuta puli na mkanda wa mota, upande wa pili gia au cheni zinazoendesha rola. Piga picha kila hatua, na weka skrubu za kila upande kwenye chombo chake, maana urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu ikiingia pasipo pake inaweza kugusa kinachozunguka. Wasa huwa nyembamba na hugandia kwenye grisi. Angalia nyuma ya kila gia kabla ya kuiweka kando.

Nati inayokataa kufunguka usiikazanie. Kwenye baadhi ya mashine upande mmoja wa kichwa una uzi wa kushoto, unaofunguka kwa kuzungusha kulia, na ukiilazimisha utakata shafti. Chunguza mwelekeo wa uzi unaochungulia nje ya nati, kisha amua. Kuzuia kichwa kisizunguke, tumia kipingio cha mashine kama kipo, la sivyo kabari ya mbao laini kwenye mwili wa kichwa. Wakati wa kukaza kichwa kipya, kabari hiyo isiguse visu kabisa: kabaidi ni ngumu lakini humeguka kama kioo.

Beringi

Hapa usiwe na haraka. Beringi inayoingia kwenye shafti husukumwa kwa pete yake ya ndani tu. Inayoingia kwenye nyumba yake husukumwa kwa pete ya nje tu. Kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana na pete husika kinatosha, pamoja na presi au jiliwa kubwa. Nyundo moja kwa moja juu ya beringi ni mwisho wa beringi hiyo.

Ikiwa inabana sana, ipashe moto taratibu bila kuzidisha nyuzi joto 80, kwa sababu vifuniko na grisi ya ndani huharibika zaidi ya hapo. Isukume mpaka ikae sawasawa kwenye bega la shafti. Ikibaki pengo hata la unene wa karatasi, kichwa kitacheza upande na ubao utatoka na mawimbi.

Visu vyenyewe

Vichwa vingi huja na visu vikiwa vimefungwa tayari. Pitia kila skrubu hata hivyo. Kwa skrubu hizi mipaka ya kawaida ni nyutonimita 5 hadi 6, lakini kipimo cha mtengenezaji wako ndicho cha kufuata. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na bisibisi ya nyota inayokaa vizuri. Mkono hauwezi kukisia nguvu ndogo namna hiyo mara 30 na zaidi.

Ukitoa kisu, futa kikalio, kisu na skrubu mpaka pasibaki unga wala utomvu. Chembe ndogo ikikaa chini, kisu kinainuka na kuacha mfereji kwenye kila ubao. Mtengenezaji akitaka mafuta kwenye uzi, paka kidogo sana kisha futa. Mafuta yakizidi hujikamua kutoka kwenye tundu na kuinua kisu vilevile.

Kujaribu

Rudisha kila kitu, hakikisha mkanda umekaa kwenye mifereji ileile ya puli zote mbili, kisha zungusha kichwa kwa mkono mizunguko kadhaa. Pasisikike mguso wowote. Washa ukiwa umesimama pembeni, acha sekunde 30, zima, chomoa waya, kagua skrubu tena. Baada ya hapo iache izunguke tupu dakika tano na ushike nyumba za beringi: joto la wastani ni sawa, lakini kama huwezi kuweka kiganja, kuna kitu kimebanwa.

Sasa pitisha vipande viwili vyembamba kwa pamoja, kimoja kushoto kabisa na kingine kulia kabisa, upime unene kwa venia. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.1, rekebisha upande mmoja wa nguzo za kupandisha na kushusha. Rekebisha pia kipimo cha unene, kwani hakitakuwa pale kilipokuwa.

Usitarajie mota iwe na nguvu zaidi. Visu vya kabaidi si vikali kama chuma kipya, na wakati wote kuna visu vilivyo ndani ya ubao, hivyo mota haipumziki. Kwa mbao ngumu za upana wote, nyoa nusu milimita au kidogo zaidi kwa mpito mmoja. Ncha za ubao zinazoliwa, yaani kunyolewa zaidi ya katikati, zitaendelea kuliwa, kwa kuwa chanzo chake ni rola na meza. Maranda nayo huwa madogo mno; kifyonzi kikiwa dhaifu hurudi chini ya rola na kuacha vishimo ambavyo wengi huvilaumia visu.

Mstari ulioinuka kwenye ubao humaanisha kisu kimemeguka mahali hapo: kigeuze hicho peke yake, robo mzunguko. Makali yakiwa yamechoka kwa jumla, geuza vyote kwa siku moja, kwa kufuata alama iliyo kwenye kona ya kila kisu. Kisu chenye makali mapya katikati ya vilivyochakaa hukaa juu kidogo, na utakiona kwenye mwanga wa pembeni kama mstari mwembamba usioisha.