SOMO: Kuskani virusi mtandaoni bila kuongeza antivairasi nyingine

Wakuu, kuna huduma zinazochunguza faili lako kwenye seva zao, wewe unasubiri majibu tu. Inayojulikana zaidi ni VirusTotal, iliyoanzia Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Faili moja hupimwa na injini (programu za kutambua virusi) zaidi ya 70 za kampuni mbalimbali.

Tatizo ni haraka ya kupakia. Faili ukishalipakia huko si siri tena: kampuni washirika na wateja wanaolipia wanaweza kulipakua. Ndiyo maana mimi naanza na hashi.

Hatua ya 1. Pata hashi ya faili. Ni kama alama ya kidole: ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, hashi inabadilika yote. Kwenye Windows fungua PowerShell (dirisha la kuandika amri), andika Get-FileHash, acha nafasi, buruta faili ulidondoshe humo, bonyeza Enter. Wa Linux watumie amri ya sha256sum. Faili lenyewe usilifungue!

Hatua ya 2. Nakili ule mfululizo wa herufi na tarakimu 64, ubandike kwenye sehemu ya kutafuta ya virustotal.com. Kama faili liliwahi kupimwa, majibu yanakuja papo hapo na hujapeleka chochote zaidi ya hashi. Programu maarufu karibu zote utazikuta.

Hatua ya 3. Halipo? Hapo ndipo upakie, mwisho MB 650. Mikataba, vitambulisho na hati za mishahara, hapana.

Hatua ya 4. Soma majibu kwa utulivu. Injini moja au mbili zisizo na jina zikipiga kelele, mara nyingi ni tahadhari ya uongo. Ishirini zikikubaliana, futa. Sifuri nayo isikulevye, maana virusi vipya huchukua muda kutambuliwa. Zipu yenye nywila injini hazioni kilichomo.

Hatua ya 5. Kuskani kompyuta nzima, pakua ESET Online Scanner au Microsoft Safety Scanner.

MASWALI

*Mkuu, hizi hazitagombana na antivairasi niliyonayo?*
Kwa kawaida hapana. Zinafanya kazi ukiziita tu. Zinazogombana ni mbili zinazolinda muda wote kwa pamoja.

*Basi niiondoe ya kwangu nibaki na hizi?*
Usithubutu. Hizi hazizuii kitu kuingia, zinakagua kilichokwisha kuingia.

*Kompyuta yenye virusi haina intaneti, nafanyaje?*
Pakua Microsoft Safety Scanner kwenye kompyuta safi, uihamishe kwa flashi. Inakuja na orodha yake ya virusi ndani. Ila baada ya siku 10 inaisha muda, itabidi upakue upya. Na hiyo flashi iskani kabla ya kuichomeka kwingine.