Mafunzo ya aina ya ndege na injini kwa fundi: tafuta pa kufanyia vitendo kabla ya kulipia darasa

Fundi akishapata leseni ya msingi, swali la kwanza analouliza ni "Kozi ya Airbus A320 inatolewa wapi?" Hilo lingepaswa kuwa swali la tatu. La kwanza ni nani atakayekuruhusu kuishika ndege hiyo ukishatoka darasani, na la pili ni ina injini gani. Wanaoanza na la tatu ndio wanaobaki na cheti kizuri kabatini ambacho leseni haikitambui.

Hapa nafuata mfumo wa EASA, yaani wa Ulaya, kwa kuwa mamlaka nyingi za usafiri wa anga zina kanuni zinazofanana nao. Hata hivyo kanuni za mamlaka iliyokupa leseni ndizo zitakazokuhukumu, kwa hiyo zisome mwenyewe.

Hatua ya 1: Isome leseni yako

B1 ni ya mitambo, bodi na injini. B2 ni ya avioniki, yaani vifaa vya umeme na elektroniki vya ndege. B1 yenyewe imegawanyika: B1.1 ni ndege za turbini, B1.2 ndege za pistoni, B1.3 helikopta za turbini na B1.4 helikopta za pistoni. Mwenye B1.2 akilipia kozi ya Boeing 737 atajifunza mengi, lakini leseni yake haitaandikwa kitu mpaka apate B1.1 kwanza.

Marekani mambo ni tofauti. Leseni ya A&P (ya fundi wa bodi na injini) haina orodha ya aina za ndege. Badala yake, kanuni inamkataza fundi kuidhinisha kazi ambayo hajawahi kuifanya ipasavyo hapo awali. Kwa hiyo huko kozi ya aina ya ndege humsaidia fundi mbele ya mwajiri zaidi kuliko mbele ya mamlaka.

Hatua ya 2: Chagua ndege pamoja na injini yake

Kwenye leseni ya EASA ndege kubwa haiandikwi peke yake, huandikwa pamoja na injini. A320 ya zamani hutumia injini za CFM56 au V2500. Ile mpya, iitwayo neo, hutumia LEAP-1A au PW1100G. Ukiwa na A320 ya CFM56, hujapata ya V2500. Utahitaji kozi ya tofauti, ambayo ni fupi kuliko kozi kamili kwa sababu bodi na mifumo mingi unaijua tayari.

Na tofauti hizo si za karatasi tu. PW1100G ina gieboksi kati ya feni na turbini ya presha ndogo ili feni izunguke taratibu kuliko turbini inayoiendesha, LEAP haina. CFM56-5B ina bledi (mapanga) 36 za feni, LEAP-1A ina 18 tu, tena za nyuzi za kaboni. Ukaguzi wa bledi ya kaboni iliyogongwa na ndege wa angani haufanani na wa bledi ya titani.

Ushauri wangu: usikimbilie injini mpya kwa sababu inatajwa sana. Chagua ile iliyojaa kwenye hanga unayoweza kuingia. Injini iliyozeeka kidogo huja hanga mara nyingi zaidi, na fundi hujifunza kwa kuifungua.

Hatua ya 3: Pata pa kufanyia vitendo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu. Ili aina ya ndege iandikwe kwenye leseni unahitaji nadharia na vitendo. Ikiwa ndiyo aina yako ya kwanza katika kundi hilo la leseni, unahitaji pia mafunzo kazini chini ya usimamizi, kwenye kampuni ya matengenezo iliyoidhinishwa. Nadharia na vitendo vyote lazima viwe vimeanza na kukamilika ndani ya miaka 3 kabla ya ombi lako.

Miaka 3 ni mingi ukiwa ndani ya hanga. Ukiwa nje, huisha. Chuo kinaweza kukupa nadharia mwezi ujao ukilipa, lakini ndege halisi iliyo kwenye ukaguzi mkubwa, msimamizi mwenye muda wa kukusainia na bima inayokukubali uwe ndani si vitu vya kununua kwa urahisi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwone meneja wa matengenezo au ofisi ya mafunzo ya kampuni. Usiombe "nafasi ya kujifunza", maana hilo hujibiwa "tutakuita". Uliza ukaguzi mkubwa unaofuata wa aina hiyo ni lini, nani ameidhinishwa kusimamia na kutathmini wanafunzi, na kama watakubali kuandika barua yenye tarehe. Ukipata barua, rudi nyuma kwenye kalenda na uchague darasa litakaloisha karibu na ukaguzi huo.

Hatua ya 4: Darasa

Kwa ndege yenye uzito wa juu wa kurukia unaozidi kilo 30,000, nadharia ya B1.1 si chini ya saa 150, na ya B2 si chini ya saa 100. Darasa la siku halipaswi kuzidi saa 6, kwa hiyo B1.1 ni kama wiki tano. Ukiona tangazo la "kozi kamili ya siku kumi", hiyo ni ya kiwango cha chini, pengine ya kuifahamu ndege tu. B1 na B2 wanahitaji kiwango cha 3. Uliza pia kama cheti kitataja injini kwa jina, na kama kozi ni ya nadharia tu au ina vitendo.

Mtihani hupita kwa asilimia 75. Vitabu vya ndege hugawa mifumo kwa sura zenye namba ziitwazo ATA; sura za 71 hadi 80 ndizo za injini na mifumo yake, nazo huvuta muda mwingi. Ziende sambamba na sura ya 36 ya hewa ya presha na ya 24 ya umeme, maana injini ndiyo inayozilisha zote mbili.

Hatua ya 5: Daftari la kazi

Usiandike "kazi za injini, A320". Mkaguzi wa mamlaka hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Andika tarehe, usajili wa ndege, namba ya kadi ya kazi, kisha: "ATA 80, nimebadilisha vali ya hewa ya kuwashia injini namba 2, nimeshiriki jaribio la kuwasha, hakuna uvujaji." Chukua sahihi siku hiyohiyo. Msimamizi akihamia kampuni nyingine, kumpata ni kazi kuliko kubadilisha vali.

Halafu tawanya kazi. Vitendo vinatakiwa kugusa sehemu pana ya mifumo, na kurasa ishirini za magurudumu na breki hazitafidia sura ya mafuta iliyo tupu.

Hatua ya 6: Utaalamu wa injini

Baada ya aina kuandikwa, kampuni bado lazima ikupe idhini yake ndipo usaini. Mafunzo ya ziada, kama boroskopu (kifaa chembamba cha kutazamia ndani ya injini bila kuifungua), kuwasha injini uwanjani au kurekebisha bledi, huingia kwenye idhini hiyo ya kampuni, si kwenye leseni. Watengenezaji wa injini wana vituo vyao vya mafunzo. CFM ina vituo Ufaransa, Marekani, China na India. Mara nyingi nafasi huombwa na kampuni yenye injini hizo, kwa hiyo pitia kwa mwajiri.

Kama watakulipia moja tu, chukua boroskopu. Mwenzako anazungusha rota ya presha kubwa polepole kwa racheti kupitia gieboksi ya vifaa, wewe unatazama bledi zikipita moja baada ya nyingine. CFM56-7B ina 80 kwenye turbini ya presha kubwa, na unazihesabu ili ujue mzunguko umekamilika. Ufa wa urefu uleule unaweza kuruhusiwa sehemu moja ya bledi na kukataliwa sehemu nyingine, kwa hiyo kitabu cha matengenezo kikae wazi pembeni.

Kozi nzuri hutumia muda mrefu kwenye kufunga kuliko kutazama. Februari 1995, Boeing 737-400 yenye injini za CFM56 iliondoka East Midlands, Uingereza, ikalazimika kutua Luton baada ya injini zote mbili kupoteza karibu oili yote. Usiku uliotangulia zilikuwa zimekaguliwa kwa boroskopu. Vifuniko vya pale pa kuzungushia rota havikurudishwa, na jaribio la kuwasha injini chini baada ya ukaguzi halikufanyika.

Ndiyo maana kozi ya pili ya kuomba ni ya kuwasha injini. Humo utafundishwa joto la gesi linaloruhusiwa wakati wa kuwasha, lini ukate mafuta mizunguko inapokwama, maeneo ya hatari mbele na nyuma ya injini, na mawasiliano na mnara. Sehemu kubwa unaweza kuifanya kwenye simuleta, na hapo ndipo pa kujaribu mwako uliokwenda vibaya. Ukishapewa idhini, omba kupangwa zamu zenye kazi hiyo: kwa EASA, idhini ya kusaini inadai uwe na angalau miezi 6 ya uzoefu ndani ya miaka 2 iliyopita.