SOMO: Kufundisha kidato cha tatu kuandika utafiti kwa kompyuta sita

Wakuu, nimechoka kujibu jambo lile lile kwenye meseji kila muhula. Naliweka lote hapa. Nafundisha sekondari pembezoni mwa Jiji la Dodoma: wanafunzi 48, kompyuta sita, intaneti ni bando la simu yangu.

1. Gawa makundi ya watu wanane wanane.

2. Kila kundi lichague jambo linaloonekana mtaani kwao: maji ya chumvi, zabibu, mnada wa Msalato.

3. SWALI KWANZA, KOMPYUTA BAADAYE. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza niliwapa mada, "Zabibu za Dodoma", nikawafungulia intaneti. Makundi matano kati ya sita yalileta aya ile ile, hadi makosa ya tahajia. Nilifoka. Usiku nikaona kosa ni langu: mada haiulizi kitu, mtoto afanye nini zaidi ya kunakili? Siku hizi kompyuta haiwashwi mpaka swali liandikwe kwa kalamu, na chini yake wanachodhani ndilo jibu. "Kwa nini mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka?" Hilo ni swali. Angalizo: likijibika kwa neno moja, lirudishe. Angalizo la pili: usiwatungie, hata wakilia. Swali la mwalimu hawalihangaikii, wananakili kama kawaida.

4. Vyanzo vitatu: andiko la mtandaoni, takwimu rasmi, na mtu wa kuhojiwa. Waandike nani kasema, lini, na wao wamekipata lini. Takwimu ziangaliwe ni za eneo gani. Kundi moja liliandika Jiji la Dodoma lina watu 3,085,625. Hiyo ni sensa ya 2022, mkoa mzima, Kondoa hadi Mpwapwa!

5. Funga chanzo, ndipo uandike ulichoelewa.

6. Kundi jingine lisome rasimu. Sahihisha. Wasilisha.

MASWALI

Mtoto wa Area C: Mkuu, tuma PDF.
— Hakuna PDF. Somo ndilo hilo.

Mzazi Macho: Simu si zimekatazwa shuleni? Mnawafundisha nini hawa watoto?
— Nimeandika kompyuta. Simu ni yangu, na bando nanunua mwenyewe. Soma tena.

Mwl. wa Kongwa: Shikamoo mwalimu. Kwetu intaneti hakuna kabisa. Nitaweza?
— Marahaba. Utaweza vizuri tu. Ukienda mjini beba fleshi, pakua ripoti za sensa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ni bure. Tafuta pia programu ya Kiwix, inakupa Wikipedia ya Kiswahili bila mtandao. Na mzee wa kuhojiwa hahitaji bando. Ukikwama niandikie, wewe sitachoka.

Mwl. wa Kongwa: Ahsante sana. Na la zabibu, walipata jibu?
— Walipata, kwa mkulima wa Hombolo. Huku hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Ukipogolewa unachipua tena, kwa hiyo anapogoa mara mbili, anavuna mara mbili. Kundi lilikuwa limedhani ni mbolea. Niliwaambia wasifute dhana yao, waeleze ilivyoanguka. Ndiyo aya bora ya kazi ile.

Fundi Majengo: Fleshi ikitoka steshenari usiichomeke moja kwa moja, zimejaa virusi.
— Kweli kabisa. Yangu ilirudi na mafaili yote yamegeuka shotikati.

Fundi Majengo: Hayajapotea hayo, yamefichwa tu. Ilete nikutolee.