Mapigo ya saa kwenye mitambo ya E1 na namna ya kuisimamia ukiwa mbali

E1 ni laini ya kidijitali ya kusafirisha sauti na data, na mtambo wake una saa mbili. Moja ni mapigo, yaani kasi ya kutoa na kupokea biti: 2,048,000 kila sekunde. Nyingine ni ya tarehe na muda unaoandikwa kwenye kumbukumbu za hitilafu. NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao, hurekebisha hii ya pili tu, kwa hiyo mtambo unaweza kuonyesha saa sahihi kabisa huku laini ikiteleza usiku kucha.

Kuteleza, yaani kupoteza au kurudia biti kwa sababu mapigo ya ncha mbili hayalingani, huanzia kwenye bafa (hifadhi ya muda ya biti) ya upande unaopokea. Biti zikiingia haraka kuliko zinavyosomwa, bafa hujaa na fremu nzima, yaani kundi la biti za mikrosekunde 125, hutupwa. Zikiingia polepole, bafa hukauka na fremu ileile hurudiwa. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 125 kwa tofauti ya mapigo katika sehemu kwa milioni, utapata sekunde kati ya mtelezo mmoja na mwingine. Tofauti ya 4.6 ni mtelezo kila sekunde 27. Tofauti ya 50, ambayo ndiyo upotofu wa juu unaoruhusiwa na kiwango cha ITU cha G.703 kwa E1, ni kila sekunde 2.5. Kwa hiyo hitilafu zikija kwa vipindi vinavyolingana, usianze kubadilisha kebo, kagua saa. Kebo mbovu au kiunganishi kilicholegea huleta makosa ya CRC-4 (ukaguzi wa makosa ya biti) yasiyo na mpangilio.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, chora mti wa saa kwenye karatasi. Juu weka chanzo kikuu, kisha mshale ushuke kwa kila mtambo unaokifuata. Mtambo wa upande wa mteja uwekwe kwenye saa ya laini, yaani ufuate mapigo yanayoingia, na wa juu yake ufuate saa ya nje au laini inayotoka kwenye chanzo. Ncha zote mbili zikiwekwa kwenye saa ya ndani, kila moja ikitumia mapigo yake yenyewe, mitelezo ni lazima.

Kosa baya zaidi ni mtambo A kumfuata B huku B akimfuata A. Hapo hakuna kengele itakayolia: kati yao mapigo yanalingana, kaunta ya mitelezo inasoma sifuri, ila wote wawili wanapeperuka pamoja mbali na mtandao mwingine. Mara nyingi kosa hili hujificha kwenye chanzo cha akiba na kujitokeza siku chanzo kikuu kinapokatika. Usifanye laini inayoshuka kwa mteja kuwa akiba. Kama mitambo inatumia SSM (ujumbe unaotangaza ubora wa chanzo cha saa), hakikisha upande unaorudi kwenye chanzo unatangaza 1111, yaani “usinifuate”. SSM husafiri ndani ya biti za Sa, yaani biti za akiba za fremu, kwa hiyo CRC-4 iwe imewashwa pande zote mbili.

Ukileta saa ya nje, soma maandishi ya poti vizuri: 2,048 kHz na 2,048 kbit/s ni mawimbi tofauti. Koaxia ni omu 75 na jozi iliyosokotwa ni omu 120. Ukiziunganisha pamoja, weka baluni (kifaa cha kulinganisha aina hizo mbili za kebo) katikati.

Sasa usimamizi wa mbali. Mara nyingi njia ya kuingilia hupita kwenye chaneli moja ya 64 kbit/s ndani ya E1 ileile unayotaka kuirekebisha, na hapo ndipo watu hujifungia nje. Hifadhi nakala ya mpangilio uliopo. Agiza mtambo ujiwashe upya baada ya dakika 10, kisha fanya badiliko bila kulihifadhi. Ukiweza kuingia tena, futa agizo hilo ndipo uhifadhi; ukikwama, mtambo utarudi wenyewe kwenye mpangilio wa zamani. Siku zote anza na ncha ya mbali, kwa sababu ukianza na ya karibu unaikata njia ya kuifikia ile nyingine.

Kitanzi cha majaribio, kinachorudisha mawimbi yalikotoka, nacho kipe kipimo cha muda, la sivyo utalazimika kumtuma mtu akakifungue. Tena, mtambo wa karibu ukiwa kwenye saa ya laini wakati kitanzi kimefungwa, utakuwa unafuata mapigo yake mwenyewe. Uhamishie kwanza kwenye saa ya ndani, upime, kisha uurudishe.

Taarifa za SNMP (itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao) ambazo mtambo hutuma wenyewe kwa poti ya UDP 162 zinaweza kupotea njiani bila mtu kujua, hivyo uliza kaunta pia kupitia poti ya 161, tuseme kila dakika 5. Tumia SNMP toleo la 3 lenye uthibitisho na usimbaji, funga Telnet (njia ya kuingia isiyosimbwa), acha SSH (njia iliyosimbwa) kwa anwani za kituo cha usimamizi pekee. Mitambo yote iandike kengele kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, vinginevyo hutajua ipi ilitangulia.

Mwishoni futa kaunta na usubiri saa 24. Kiwango cha ITU cha G.822 kinavumilia hadi mitelezo 5 kwa siku kwenye muunganisho mzima wa kimataifa. Laini ya ndani ambayo ncha zake zote zinafuata chanzo kimoja inatakiwa isome sifuri.